Timu Iliyouawa na Hotuba

Nikisikia mtu amesimama mbele ya watu akasema "itifaki imezingatiwa," napata kichefuchefu. Sisemi kwa mfano. Tumbo linageuka kweli, mate yanajaa mdomoni, na nikiwa karibu na mlango natoka nje. Wenzangu hapa Riyadh wananijua, hunitania kwamba nina jini wa hotuba. Waache wacheke. Wengi wao walikuwa Jeddah siku ile, na makofi walipiga.

Mimi ni dereva wa nyumba. Nyumba yenyewe iko Naseem, na kazi yangu ni kupeleka watoto shule, kumpeleka madam kwa dada zake, kumpeleka mama mzazi wa bosi hospitali, na kungoja. Sehemu kubwa ya kazi ya dereva ni kungoja. Lakini Ijumaa asubuhi nyumba nzima hulala mpaka sala ya adhuhuri inapokaribia, na saa hizo zilikuwa zangu.

Dada yangu alinitangulia kuja Saudia. Ni mkubwa wangu, anafanya kazi za ndani katika nyumba moja ya Aziziya, Jeddah, na anaishi humo humo. Nyumbani Kenya watu walidhani tunaonana kila wiki, kama mtu wa Thika na mtu wa Ruiru. Hawajui ukubwa wa nchi hii. Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni jangwa la kutwa nzima. Yeye ana kafili wake, yule mwajiri anayemdhamini nchini, mimi nina wangu, na siku ya mapumziko kwake ni jambo la kuombwa kwa adabu na kukataliwa kwa adabu. Tangu nishuke kwenye ndege sikuwa nimemtia machoni. Nilikuwa na sauti yake tu kwenye simu, yuko jikoni, maji yakimwagika nyuma yake.

Lazima nieleze habari ya raunda, maana timu yetu yote ilitoka hapo. Shuleni kwetu wavulana walicheza mpira wa miguu, wasichana wakacheza netiboli na raunda. Mvulana akionekana ameshika gongo la raunda alitaniwa mpaka abadilishe njia ya kwenda nyumbani. Dada yangu alikuwa mpigaji wa shule. Alikuwa mwembamba, hana maneno, lakini akiupata mpira ulikuwa unavuka ua wa shule na kuingia kwenye mahindi ya watu. Kwa mazoezi alihitaji mtu wa kumrushia, na mtu huyo nikawa mimi, nyuma ya zizi, ambako wenzangu hawakuweza kuniona. Alipiga, nikafuata mpira. Alipiga tena, nikafuata tena. Nilichoka. Nikaanza kujifunza kurusha mipira ambayo hataipata, ili nisikimbie mahindini. Uvivu ndio ulionifundisha, na sioni haya kulisema. Baada ya darasa la nane hakushika gongo tena. Zikaja kazi, akaja mtoto, ukaja uwanja wa ndege.

Huku Riyadh, siku moja nilikuwa gereji, nangoja gari la bosi libadilishwe oili. Nilikunja tambara la kufutia mikono nikalirusha kwenye pipa lililokuwa upande wa pili wa karakana. Likaingia. Nikaokota jingine, likaingia. Fundi mmoja Mfilipino, mtu mzima mwenye mvi za pembeni, akaacha kazi akanitazama. Akaniuliza kwa kile Kiarabu chetu cha vibarua kama nacheza. Nikamwambia nacheza mchezo wa wasichana. Akacheka, akaenda kwenye kabati lake akarudi na glavu ya ngozi, imechakaa mpaka inang'aa, akaniambia nije Ijumaa.

Hivyo ndivyo besiboli ilivyoanza kwetu. Nilikuja na Wakenya wenzangu, madereva wa Naseem na walinzi wanaolala Shumaisi, watu ambao uwanja wa soka walikuwa wamenyang'anywa na Wasudani. Kiwanja chetu kilikuwa eneo tupu nyuma ya maghala, vumbi na vifusi, upande mmoja Wapakistani wakicheza kriketi. Fundi alitugawia glavu, magongo, mipira, vitu vya zamani vya timu yake, na akatufundisha kwa uvumilivu ambao sijawahi kuona kwa mwalimu yeyote wa kwetu.

Na alihitaji uvumilivu. Kila mmoja wetu alikuja na raunda kichwani, ile aliyowaona dada zake wakiicheza. Kwetu mkimbiaji unamtoa kwa kumlenga na mpira mgongoni. Basi mlinzi mmoja wa Shumaisi, jamaa mrefu mwenye mkono wa nguvu, alidaka mpira wa kwanza maishani mwake akampiga nao Mfilipino wa watu kati ya mabega. Mpira wa besiboli si wa tenisi, ni mgumu kama jiwe. Yule bwana alilala chini, na mlinzi wetu akarukaruka akipiga kelele "Out! Out!" huku anatutazama tumpongeze. Fundi alimwinua mtu wake, akamfuta vumbi, halafu akatukusanya akatuonyesha tena, taratibu, kwamba mpira unampelekea mwenzako kwenye besi, kile kituo anachokikimbilia mkimbiaji. Hakuna aliyegombana na mtu.

Tukawa wazuri. Nasema bila aibu, tukawa wazuri sana. Walinzi wale walikuwa na miguu, mimi nilikuwa na mkono, na mdakaji wetu, aliyekuwa dereva wa lori la maji, hakuogopa kitu chochote kilichomjia usoni. Tuliifunga timu ya fundi mwenyewe, akafurahi kuliko sisi. Tukaifunga timu ya wafagiaji wa hospitali. Wapakistani waliacha kriketi yao wakaomba mechi, tukawafunga, wakatuletea chai ya maziwa na tukanywa tumekaa kwenye vifusi. Hatukuwa na mdhamini wala jezi. Mrushaji anarusha, mpigaji akikosa mara tatu anakaa chini, adhuhuri ikikaribia kila mtu anarudi kwa bosi wake. Sijawahi kuwa na furaha nyepesi kama ile tangu nivuke bahari.

Halafu fundi akatuletea habari ya Jeddah. Huko kulikuwa na timu ya Wafilipino ya miaka mingi, wana uwanja wa kweli ndani ya makazi ya wafanyakazi wa kampuni fulani, una nyasi za plastiki na wavu nyuma ya mdakaji. Walikuwa wamesikia habari za Wakenya wa vumbini. Walitualika Ijumaa moja, baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi, kwa sababu magharibi uwanja ulikuwa na wenyewe.

Nilimpigia dada simu kabla hata ya kumjibu fundi. Maji yakafungwa.

"Unasema ukweli?"

"Kweli tupu. Omba ruhusa. Utakuja unione nikirusha. Na kabla mechi haijaanza nitakupa gongo, nikurushie mipira kidogo, kwenye uwanja wa kweli."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi usinirushie polepole eti kwa sababu nimezeeka," akasema. "Nikigundua, nitakuchapa nalo hilo gongo."

Alimwomba madam wake wiki baada ya wiki. Alikubaliwa mwishowe kwa sababu siku hiyo madam alikuwa anakwenda kwa mama yake mtaa wa jirani na uwanja. Dereva wa nyumba yao angemshusha alasiri na kumchukua magharibi ikikaribia. Ruhusa ilikuwa hiyo tu, ya muda huo na siku hiyo. Nilikuwa nawapeleka watoto shule huku nafanya hesabu ya mpira wa kwanza nitakaomrushia, wa juu au wa chini. Alikuwa hapendi wa chini.

Sasa nifike kwenye uchafu.

Mkenya hawezi kufanya jambo bila kamati. Tulipokuwa tunacheza vumbini tulikuwa watu. Tulipoalikwa Jeddah tukawa chama. Mdakaji wetu, yule wa lori la maji, akachaguliwa mwenyekiti, na tangu siku hiyo akaanza kuongea kama redio ya taifa. Akawekwa makamu, katibu, katibu mwandalizi, mweka hazina wa hazina ambayo haikuwepo, na afisa wa nidhamu. Nadhani waliobaki bila cheo ni mimi na yule mlinzi mrefu, na yeye alinuna. Likafunguliwa kundi la WhatsApp la timu, halafu la kamati, halafu la kamati bila wale ambao kamati haikuwapenda. Mazoezi ya Ijumaa yakawa mikutano. Fundi wetu alikuwa anafika na glavu zake, anatukuta tumesimama duara tunajadili kama agenda namba mbili ilifungwa kihalali.

Kisha wakasema timu haina mlezi.

Mlezi waliyemleta alikuwa msimamizi katika kampuni moja ya ulinzi, Mkenya aliyekaa hapa miaka mingi, mwenye tumbo la mapumziko na simu mbili. Alikuwa na mpango wa kurudi nyumbani kugombea ubunge. Hakuna aliyewahi kumpigia kura hata ya monita wa darasa, lakini alikuwa anaitwa Mheshimiwa, na mtu asipomwita hivyo anajifanya hakusikia. Besiboli hakuijua. Mara ya kwanza kufika kiwanjani alishika gongo kwa upande mnene, akapigwa picha nyingi, akaondoka. Wiki iliyofuata zikaja fulana. Kifuani palikuwa na uso wake. Mgongoni palikuwa na jina la eneo lake la ubunge, ambako hakuna hata mmoja wetu aliyetoka. Timu ilikuwa na jina, tulilichagua tukinywa ile chai ya Wapakistani, na wakalibadilisha wakaweka lake. La kwanza nalionea uchungu na la pili linanitia kinyaa, kwa hiyo sitaandika lolote.

Nikamfuata mwenyekiti pembeni.

"Mkubwa, sisi ni timu ama sisi ni campaign?"

"Bro, wacha kuwa negative," akaniambia. "Huyu mzee akipita, sisi ndio tutakumbukwa."

Kukumbukwa wapi? Nilimwuliza, akaangalia simu yake.

Jambo lililofuata sijawahi kuona mfano wake. Mheshimiwa aliamua kwamba pale Jeddah, mbele ya Wafilipino na kamera, atatukabidhi vifaa vya michezo. Vifaa gani? Vyetu. Zile zile glavu za fundi, magongo yale yale, mipira ile ile. Kamati ikaona ni wazo zuri, "ili tukio lipendeze." Wakavikusanya vyote, hata glavu niliyopewa mimi siku ya tambara, wakavitia kwenye mifuko mipya yenye uso wake, wakavifungia ndani ya buti ya gari lake. Sisi, kila mmoja ameshaomba ruhusa kwa bosi wake, tukapanda basi Alhamisi usiku mikono mitupu. Fundi alisafiri nasi kwa sababu ndiye aliyewajua wenyeji. Alipouliza vifaa viko wapi, mwenyekiti akamwambia "mafi mushkila, mafi mushkila," yaani hakuna shida, na fundi akageukia dirisha.

Jeddah ilikuwa na unyevu ambao sisi wa Riyadh hatuujui, fulana za Mheshimiwa zikatuganda mwilini, uso wake umekunjamana juu ya vifua vyetu. Uwanja nilipouona nilisahau yote kwa muda. Mistari ilikuwa myeupe kabisa, besi zimetulia mahali pake, na katikati pana kile kichuguu kidogo ambapo mrushaji anasimama. Sikuwa nimewahi kusimama juu ya kichuguu. Wafilipino wa Jeddah walikuwa wameshavaa, wanarushiana mipira, wanatupungia mikono.

Alasiri ilipokwisha kuswaliwa, gari jeupe likasimama getini na dada yangu akashuka.

Alikuwa amekonda. Abaya ilimkaa kama imetundikwa kwenye kigingi. Lakini chini ya abaya alivaa raba, mpya, kamba zimefungwa mafundo mawili mawili kama zamani. Hatukukumbatiana, mahali si pake. Tulishikana mikono tukakataa kuachiana.

"Umenenepa wewe," akasema. "Madam wako anakupikia?"

"Bosi ana mpishi."

"Na huyu nani kwenye kifua chako?"

"Usiniulize."

Akacheka, akaficha mdomo kwa kiganja. Kisha akanyoosha mkono. "Haya. Gongo liko wapi?"

Gongo lilikuwa kwenye buti ya gari la Mheshimiwa, na Mheshimiwa hakuwa amefika. Alikuwa amelala hoteli. Nikaenda kwa wenyeji kuazima gongo moja na mpira, wakanipa mara moja, watu waungwana. Sijafika katikati ya uwanja, katibu mwandalizi akanikimbilia mikono imeinuliwa.

"Hapana, hapana, bro! Hakuna mtu kukanyaga uwanja kabla mheshimiwa hajarusha mpira wa kwanza. Ndio program."

"Ni dakika kidogo tu. Ni dada yangu."

"Hata kama ni mama yako. Unataka apate uwanja umetumika?"

Uwanja umetumika! Hilo neno bado liko masikioni mwangu. Akamwomba radhi kapteni wa Wafilipino, akawaomba na wao waache kurushiana mipira, wakaacha. Walidhani ni mambo ya dini yetu. Dada yangu akarudi kuketi kwenye benchi, akaweka mikono juu ya magoti. Tukangoja. Mimi kazi yangu ni kungoja, nimewangoja watu nje ya maduka na hospitali na harusi, lakini sijawahi kungoja huku damu inachemka namna ile.

Alikuja jua limeshaanza kulegea. Alishuka polepole ili anayempiga picha amtangulie. Tukapangwa mstari, akatusalimia mmoja mmoja kama jeshi. Tukainamisha vichwa kwa maombi, kimya kimya kwa kuwa tuko nchi ya watu, na hicho ndicho kipengele pekee kilichokwenda haraka. Kisha katibu akamkaribisha makamu mwenyekiti. Makamu akasema itifaki imezingatiwa, akamkaribisha mwenyekiti. Mwenyekiti akasema itifaki imezingatiwa, akaizingatia upya kuanzia mwanzo, akataja kila cheo tulichojipa, akaeleza historia ya timu bila kumtaja fundi hata mara moja, akamkaribisha mgeni wa heshima. Mgeni wa heshima akasema hana mengi.

Akazungumza juu ya barabara. Akazungumza juu ya matangi ya maji na vyumba vya madarasa, akawaahidi Wafilipino, kwa Kiingereza, kwamba milango yake iko wazi. Wafilipino wakapiga makofi kwa adabu. Fundi alikuwa amesimama nyuma yao, anatazama ardhi. Kisha buti ikafunguliwa na vifaa vikaletwa, na Mheshimiwa akaanza kutukabidhi glavu moja moja huku akisema maneno machache kwa kila glavu. Nilipofikiwa nikakabidhiwa glavu yangu mwenyewe. Mkono wake ulikuwa laini na una jasho. Kamera haikukamata vizuri, akainyakua tena akanikabidhi mara ya pili.

Nikamnong'oneza mwenyekiti. "Mkubwa, tafadhali tuanze. Dada yangu anachukuliwa sasa hivi."

"Wacha haraka. Mheshimiwa bado anaongea, tutaonekana watu wabaya."

Honi ikalia getini, mara moja, honi ya dereva mwenye hofu ya madam wake. Naijua honi hiyo, ninaipiga kila siku. Dada yangu akasimama. Nikatoka kwenye mstari bila kuomba ruhusa ya mtu nikamwendea, glavu mkononi.

"Sasa utarusha saa ngapi?" akaniuliza. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu, alitaka kujua.

Kabla sijamjibu, Mheshimiwa alishatuona. Mwenyekiti alikuwa amemnong'oneza sisi ni nani. Akaja mbio mbio, mtu ambaye hakuharakisha lolote tangu alasiri, mikono imetanuliwa, mpiga picha nyuma yake.

"Ndugu wawili! Hamjaonana miaka! Simameni hapa. Dada huku, kaka huku, mimi katikati. Dada, toa uso kidogo. Tabasamu, dada, mbona kama umelazimishwa?"

Akatushika mabega, mmoja kila upande. Dada yangu alikuwa anatazama getini. Honi ikalia tena. Picha ikapigwa, haikuwa nzuri, ikapigwa nyingine. Nilisikia harufu ya manukato yake, matamu kupita kiasi kama peremende iliyoyeyuka mfukoni, na nilijizuia nisimtapikie kwenye viatu. Alipotuachia, dada alinigusa mkono juu ya glavu. "Nitaona kwenye simu," akasema, akakimbia. Zile raba zilikuwa safi kabisa.

Mengine yaliyotokea sina haja ya kuyapamba. Mheshimiwa alirusha mpira wa kwanza, ukaanguka hatua chache mbele yake, akaomba arudie. Tulipoingia uwanjani kucheza nilirusha mipira michache nisiyokumbuka ilikwenda wapi. Kisha mlinzi wa makazi akaja akipunga mikono, "Halas, halas, wakati mafi," yaani basi, muda umekwisha, na nyuma yake wenyewe wa magharibi wanaingia na mipira yao. Wafilipino wa Jeddah walitushika mikono wote, hata Mheshimiwa. Hawakutualika tena, na ujumbe wetu uliofuata hawakuujibu. Ningekuwa mimi nisingejibu vilevile.

Timu ilioza haraka. Mheshimiwa alirudi na vifaa kwenye buti yake, eti kwa ajili ya tukio lingine, na tukio halikuja. Kamati ikagawanyika, kundi lake na kundi la waliodai wao ndio wa asili, wakitukanana kwenye simu kwa Kiswahili fasaha. Fundi aliacha tu kuja, na nilipompelekea gari la bosi alinibadilishia oili kama mteja mwingine yeyote. Ijumaa moja nilipita nyuma ya maghala nikawakuta Wapakistani wameuchukua uwanja wote. Nikafurahi kwamba angalau kuna watu wanacheza. Mheshimiwa alirudi Kenya kutafuta ubunge wake, na sijauliza aliishia wapi.

Dada yangu hajapewa ruhusa nyingine.

Lakini kilichonichefua kuliko yote kilikuja siku chache tu baada ya Jeddah, kabla timu haijafa. Mama alipiga simu kutoka nyumbani. Mama huwa hapigi, hungoja apigiwe, kwa hiyo nilisimamisha gari pembeni nikijua kuna msiba. Alikuwa anacheka.

"Dada yako amenieleza kila kitu!" akasema. "Ulivyowatoa wale watu, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaja kukushika mkono. Na yeye akapewa gongo, ukamrushia wa chini, akaupata! Anasema mpira ulivuka ukuta. Ni kweli ulivuka ukuta?"

Kioo cha mbele kilikuwa na vumbi. Niliwasha maji ya kuoshea, wiper ikapita, ikapita tena.

"Ulivuka, mama."

"Asante Yesu. Na picha yenu tumeletewa hapa, ninyi wawili na yule mheshimiwa katikati, majirani wote wameiona. Mtu mwenye roho nzuri hivyo, kuwakutanisha watoto wa watu wengine. Mlimshukuru lakini?"

Nikamwambia tulimshukuru.

"Vizuri?"

"Vizuri, mama."